Vipimo vya Mguu wa Mkunga

Mama Pacha alikuwa na sheria moja, kazini na nyumbani: kitu kikiharibika, usikitazame kwa huruma, kifungue. Kwa hiyo Ijumaa hiyo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mashine ya kuchonga ilipomwandikia kwa mara ya tano kwamba haiioni seva ya hifadhidata, hakulalamika. Alivuta kiti, akaketi mbele ya skrini, akakunja mikono ya blauzi.

"Haya," aliiambia kompyuta. "Leo mimi na wewe."

Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia. Kulikuwa na mapokezi, chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia ambako watu walijifunza kutembea, chumba cha mashine, stoo ya plasta na ua wa nyuma. Mashine ya kuchonga ilichukua bonge la povu gumu ikalichonga mpaka likafanana na kigutu cha mtu, halafu mafundi wakavuta plastiki ya moto juu yake. Plastiki ikipoa inakuwa kikombe, na kikombe ndicho kinachokaa kwenye kigutu. Kikibana, mtu analia. Kikipwaya, anaanguka. Vipimo vya kila kigutu vilikaa kwenye hifadhidata, na bila hifadhidata mashine haikujua ichonge nini.

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Mkunga. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mnene wa mabega, mguu wa kushoto umeishia chini ya goti, magongo mawili ameyalaza mapajani kama mtu anayelinda geti. Ndani ya blauzi alikuwa na barua kutoka hospitali anakofanya kazi, na asubuhi hiyo alikwisha kumwonyesha kila aliyepita. Barua ilisema amengojewa miezi tisa. Jumatatu saa moja asubuhi awe amesimama wodini kwa miguu miwili, la sivyo nafasi yake inapewa mtu mwingine.

Basi lake la kurudi lilikuwa la saa kumi jioni. Mzee wa Plasta, fundi mkuu, alikuwa ameshapiga hesabu na kuiandika kwa chaki ukutani: kuchonga saa mbili, plastiki saa moja na nusu, kuunga, kujaribu na kuvika sponji la nje saa moja na nusu. Chini yake akapiga mstari. Mashine ianze kabla ya saa nne na nusu. Ikipita hapo, hakuna mguu.

"Kwani si mnipime tena tu?" Mkunga aliuliza kupitia mlangoni. "Kigutu ninacho, sikukiacha nyumbani."

"Kile kifaa cha kupimia kwa mwanga kilikuwa cha wale wataalamu wageni," Mama Pacha alijibu bila kugeuka. "Wiki iliyopita walikuja nacho, wameondoka nacho. Wanarudi baada ya miezi miwili."

"Na zamani mlikuwa mnapima kwa nini, kwa macho?"

"Kwa plasta. Inakauka Jumatatu."

"Jumatatu saa ngapi?"

Mama Pacha alisogeza kibodi karibu. Alikuwa amefungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri. Kompyuta kuu ya karakana ilitumia mfumo wa Linux, na aliupenda kwa sababu haukuwa na maneno mengi. Unauliza, unajibiwa. Unakosea, unaambiwa umekosea.

Aliuliza huduma ya hifadhidata iko katika hali gani. Akajibiwa kwamba huduma hiyo haipo.

Si kwamba imezimwa. Haipo. Alidhani ameandika vibaya, akarudia herufi moja moja. Haipo. Aliomba orodha ya programu zote zinazofanya kazi, akaipitia juu hadi chini huku kidole kikigusa skrini. Hakuna. Akaomba orodha ya programu zote zilizowekwa kwenye mashine tangu siku ya kwanza. Alikuta kile kiprogramu kidogo cha kupigia hodi hifadhidata. Mwenye nyumba mwenyewe hakuwepo. Akaenda kwenye folda ambako data hukaa. Ilikuwa tupu kabisa, kama friji ya nyumbani kwake baada ya pacha wake kurudi shuleni.

Hifadhidata haiondoki yenyewe. Mtu ameifuta.

Alitoka hadi mapokezi kwa hatua za haraka. Karani alikuwa anapanga kadi za wagonjwa. Alikuwa binti mtaratibu, mwaka wa sita pale karakanani, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema.

"Jana jioni umegusa nini kwenye kompyuta kubwa?"

"Mimi?"

"Ufunguo wa chumba tunao wawili. Mimi sikugusa."

"Mama Pacha, mimi hata kiti chako sijakalia."

"Basi imejifuta yenyewe! Imechoka na maisha!"

Watu wanne waliokuwa wakisubiri wakainua vichwa. Karani akarudi kwenye kadi zake. Alizipanga taratibu kupita kiasi, kila moja akiigonga mezani mpaka ikalingana na mwenzake.

Mama Pacha akarudi chumbani kwake. Njiani alipita meza ya Mzee wa Plasta, aliyekuwa anagandisha soli kwenye unyayo wa bandia. Juu ya unyayo ameweka mzigo mzito uliofungwa kwenye mfuko mweusi ili gundi ishike.

"Usiniguse meza," Mzee alisema. "Gundi haijashika. Vipi, imeonekana?"

"Ingeonekana ningetembea hivi?"

"Ukitembea hivi hata nyoka anapisha."

Saa tatu na dakika tano. Alimpigia simu fundi aliyemtangulia. Huyo walimwita Mzee Kimya, na jina lilimkaa. Kwa miaka minane aliitunza mitambo yote ya karakana bila kuandika hata ukurasa mmoja wa maelezo. Miezi miwili iliyopita alistaafu, akamkabidhi Mama Pacha funguo, akasema, "Zote ziko salama," akaenda zake. Simu yake haikupatikana. Alijaribu tena. Haikupatikana kwa sauti ileile ya yule dada mpole wa kwenye simu, ambaye Mama Pacha alitamani siku moja akutane naye ana kwa ana.

"Nakala za akiba," alijiambia. Mtu yeyote mwenye akili huweka akiba.

Alizitafuta, akazipata, moyo ukatulia kwa muda wa kupepesa macho. Nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi miwili iliyopita. Diski ya akiba ilijaa wiki ileile Mzee Kimya alipoondoka, na tangu hapo kila siku mfumo uliandika kwa utiifu kwamba umeshindwa kuhifadhi. Aliyatazama maandishi hayo yaliyorudiwa siku sitini. Hakuna aliyewahi kuyasoma. Na aliyepaswa kuyasoma alikuwa yeye.

Alisonya, safari hii akijisonya mwenyewe.

Mkunga alikuwa amejikongoja hadi mlangoni, magongo yakigonga sakafu. "Dada, mimi nimezalisha wanawake miaka ishirini na saba. Mtu akinyamaza hivyo najua mambo yamekwama. Mtoto amekaa vibaya?"

"Sijui hata mtoto yuko wapi."

"Hilo ndilo baya zaidi."

"Mama, nikikudanganya utanisaidia?"

"Hapana."

"Basi kaa. Nikishindwa nitakuja kukwambia mwenyewe."

Mkunga alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye benchi. Mama Pacha aliyasikia magongo mpaka yakanyamaza.

Saa tatu na nusu. Aliwasha kompyuta kuu upya, ingawa alijua ni kazi bure. Aliwaka yeye, kompyuta haikubadilika. Akapekua folda moja baada ya nyingine, akitafuta faili lolote lenye jina la mgonjwa. Jasho lilimtoka kwapani. Alipotaka kunywa chai akakuta ameiacha wazi, na juu yake umetanda utando mweupe wa vumbi la plasta. Akainywa hivyohivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya tangu saa mbili na robo, kama hasira isingemtangulia. Aliacha kuuliza hifadhidata iko wapi kwenye kompyuta hii, akaiuliza mashine ya kuchonga: wewe huwa unaitafuta wapi? Alifungua faili la mipangilio ya mashine. Lilikuwa na mistari kumi na miwili, na mstari wa nne ulitaja jina la kompyuta yenye hifadhidata.

Shangazi.

Alilisoma mara mbili. Mzee Kimya alikuwa na mchezo wake: kila mtambo aliupa jina la ukoo. Kompyuta kuu ilikuwa Babu. Printa ilikuwa Mjomba, ndiyo maana mafundi walipenda kutangaza kwamba Mjomba amemeza karatasi. Mama Pacha aliuona upuuzi mtupu na tangu siku ya kwanza alikataa kuyatamka. Hakuwahi kuuliza ukoo una watu wangapi.

Kwa hiyo kwa saa nzima na zaidi alikuwa anapekua mifuko ya Babu akitafuta kitu cha Shangazi.

Alimpigia Shangazi hodi kwenye mtandao. Kimya. Mara kumi, kimya. Akafungua kumbukumbu za mfumo kuona ni lini wawili hao waliwasiliana kwa mara ya mwisho. Jana, Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Baada ya hapo, mistari ya makosa tu.

Shangazi alikuwa mtambo, mtambo una mwili, na mwili uko mahali. Mahali gani? Mtu mmoja tu pale alikuwa amefanya kazi na Mzee Kimya karibu miaka sita na alikumbuka kila kitu. Mama Pacha alikaa akiitazama kalamu yake. Halafu akainuka.

Karani hakuinua macho.

"Shangazi ni nani?" Mama Pacha aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Si mimi niliyefuta?"

"Karani."

"Nisije nikasema kitu kikajifuta tena."

"Nilikuonea," Mama Pacha alisema.

"Ulinionea mbele ya watu."

Mama Pacha aligeukia wale wanne wa kwenye viti. "Jamani, asubuhi nilimsingizia huyu binti kosa ambalo hakulifanya. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira. Mmesikia?" Mzee mmoja mwenye kofia akasema wamesikia. Mama Pacha akamgeukia Karani. "Haya. Sasa niambie."

Karani aliweka kadi chini. Uso wake haukufurahi, ulikuwa na kitu kingine, kama mtu anayejiandaa kutoa habari za msiba.

"Shangazi ni kale kakompyuta ka stoo ya plasta. Kalikokuwa kwenye rafu, nyuma ya mifuko. Hakana skrini wala kibodi. Mzee Kimya alikaweka huko kwa sababu ndiko kuliko na soketi pekee yenye betri ya akiba."

Mama Pacha hakuona haja ya kuuliza zaidi, kwa sababu alikwisha kukiona. Kiboksi cha chuma, kimeganda plasta pande zote mpaka kinafanana na tofali. Jana saa tisa alasiri alikuwa amesimama ndani ya stoo ile na rola la utepe mwekundu mkononi. Usafi wa karakana aliuanzisha yeye. Tangazo aliliandika yeye kwa herufi kubwa na kulibandika milango yote: *Kitu kisicho na karatasi ya jina kinabandikwa utepe mwekundu na kutolewa.* Waya aliuchomoa yeye, kwa mkono wake.

"Nilikuuliza," Karani alisema kwa sauti ya chini. "Nilisema, Mama Pacha, hiki si cha kazi? Ukasema kama ni cha kazi kingekuwa na jina."

"Nilisema hivyo?"

"Ukasema na mimi nikikaa bila kazi utanibandika."

Watu wa kwenye viti walikuwa wanasikiliza wote, bila kujificha.

Mama Pacha alitoka mbio hadi ua wa nyuma. Pale walipolundika takataka za jana kulikuwa kumebaki alama za magurudumu na kipande cha utepe mwekundu kwenye vumbi. Mlinzi, aliyekuwa anakula muhogo, alinyoosha mkono kuelekea barabarani. "Mtu wa vyuma chakavu amepita saa moja. Kachukua vyote."

"Vyote?"

"Alivyoachiwa. Mzee wa Plasta alikuja mapema akachambuachambua kwanza. Unamjua yule, hawezi kuona chuma kinaondoka."

Saa nne kasoro dakika kumi. Mama Pacha alirudi ndani kwa mwendo ambao mlinzi aliusimulia wiki nzima.

"Mzee! Asubuhi umetoa nini kwenye lundo?"

"Bawaba mbili, koleo moja," Mzee wa Plasta alisema akihesabu kwa vidole. "Na uzito wangu huu. Angalia ulivyo, kilo tano barabara, unakaa sawasawa juu ya soli. Mtu anaubandika utepe na kuutupa! Dunia hii ina watu wabadhirifu."

Mama Pacha alikuwa ameshika mfuko mweusi.

"We! Gundi!"

Aliuchana. Ndani, chini ya ganda la plasta na utepe mwekundu, kulikuwa na tundu la waya wa umeme na tundu la mtandao. Alikuwa amekipita kiboksi hicho mara tatu tangu asubuhi.

"Mzee, vipimo vya Mkunga vimo humu."

Mzee aliangalia kiboksi, akaangalia unyayo ambao soli yake sasa ilikuwa inajifungua taratibu kama mdomo wa samaki. "Mimi nimevikalisha juu ya kiatu," alisema.

"Na mimi nimevitupa. Wewe una nafuu."

Walimbeba Shangazi hadi chumba cha mashine. Mama Pacha aling'oa plasta kwa bisibisi, akapuliza matundu, akachomeka waya. Karani, bila kuombwa, alileta skrini na kibodi ya mapokezi akaviunga, akasimama nyuma yake amefumbata mikono. Taa ndogo ya kijani iliwaka. Feni ililia kama mtu aliyeamshwa vibaya. Maandishi meupe yakaanza kushuka, yakasimama. Mfumo ulisema umezimwa ghafla, diski ina majeraha, je, uruhusiwe kuyatibu?

"Muulize tena," Karani alisema. "Asije akafuta."

"Hafuti. Anaunga." Mama Pacha aliruhusu.

Ilichukua dakika kumi na sita. Hakuna kinachochelewa kama namba inayopanda asilimia mojamoja mbele ya macho ya watu watatu. Nne na dakika kumi. Nne na robo. Mkunga aliingia, akaegemea ukuta. Ilipofika nne na dakika ishirini, Shangazi akauliza jina na neno la siri. Mama Pacha akaandika yaleyale ya Babu, akakubaliwa, akaamuru hifadhidata iwake.

Ikakataa.

"Jamani!" alipiga meza, bisibisi ikaruka. "Jamani, nimekukosea, nimekiri, unataka nikupigie magoti?"

"Inasemaje?" Mkunga aliuliza.

"Sijasoma bado."

"Basi soma kwanza, ndipo ugombe."

Alisoma. Kumbukumbu zilieleza kwa ufupi: kuna faili dogo la kufuli. Hifadhidata inapofanya kazi huweka kufuli mlangoni ili mwingine asiingie, na inapofungwa kwa adabu huliondoa. Hii haikufungwa kwa adabu. Ilichomolewa. Kufuli lilibaki likimlinda mtu aliyekwisha kufa. Mama Pacha alihakikisha mara mbili kwamba ndani hakuna programu inayoendelea, akalifuta lile faili moja, hilo tu, akaamuru tena.

Inafanya kazi.

Hakushangilia. Kwanza alinakili data yote kwenye flashi, akaitia flashi mfukoni. Kisha akaunga waya wa mtandao, akaenda kwenye mashine ya kuchonga, akaandika namba ya kadi ya Mkunga. Kigutu kilijitokeza kwenye skrini, cha kijivu, kikizunguka polepole, na lile kovu la pembeni linaonekana.

"Ndicho chenyewe," Mkunga alisema. "Kibaya vilevile."

Kisu cha mashine kilianza kuzunguka saa tano kasoro dakika nane. Mzee wa Plasta alitazama ukuta wake wa chaki, akatazama saa. "Tumepitwa na dakika ishirini na mbili. Saa tisa na nusu ndipo ningemaliza kuunga, halafu bado lile sponji la nje na soksi yake, mguu ufanane na mguu. Hapo basi limeondoka."

"Usiweke sponji," Mkunga alisema.

"Utaonekana chuma kitupu."

"Mzee, wanawake ninaowapokea wanakuwa na shughuli nyingine. Hakuna atakayechungulia sketi yangu."

Basi ikawa hivyo. Bonge likachongwa, plastiki ikavutwa, Karani akaipepea kwa feni mbili huku Mzee akilalamika kwamba kazi ya haraka inamtia vipele. Saa tisa kasoro dakika tano Mkunga alisimama kati ya vyuma viwili, bomba na unyayo vikiwa vimefungwa chini ya kikombe. Unyayo ulikuwa mwingine, ule wa asubuhi gundi yake iliharibika. Alikwenda, akageuka, akarudi. Mara ya tatu aliachia mkono mmoja. Mara ya tano aliachia yote miwili, uso umekunjamana, na hakuna aliyepumua mpaka alipofika mwisho.

"Kinabana hapa," alisema.

"Kwa wiki mbili kitabana," Mzee alijibu. "Cha kubana kinatembea."

Saa tisa na nusu Mama Pacha alimbebea mkoba hadi getini. Alingoja mpaka walipokuwa peke yao, kwa sababu alikuwa ameahidi kusema mwenyewe.

"Mama, hiyo kompyuta haikuharibika. Niliichomoa mimi jana, nikaitupa. Sikuuliza."

Mkunga alisimama. Alimtazama Mama Pacha juu hadi chini, kama anayepima njia ya mtoto. "Ungeniambia asubuhi," alisema, "ningekupiga gongo la kichwa."

"Najua."

"Bahati yako sasa sina gongo." Akauchukua mkoba wake, akaenda. Alichechemea, alisimama mara moja kushika ukuta, lakini hakugeuka nyuma, na kwenye kona akapotea.

Ndani, Mama Pacha alimkuta Karani mlangoni mwa chumba chake. Mkononi alikuwa na rola la utepe mwekundu. Ukutani, pale benchi lilipoishia, magongo mawili yalikuwa yameegemezwa.

"Na haya?" Karani aliuliza, uso mkavu kabisa. "Hayana karatasi ya jina."